Kwa wewe unayeanza kufungua injini ya Beetle

Mdogo wangu, ukifika gereji ukakuta Volkswagen Beetle imeegeshwa pembeni na vumbi lake, usiikimbie kwenda kwa mafundi wa magari ya kompyuta. Anza na hiyo. Haina rejeta wala pampu ya maji. Silinda zake nne zimelala, mbili kulia na mbili kushoto, na injini nzima imeshikwa kwenye giaboksi kwa bolti nne. Ukiwa na jeki na spana chache unaishusha chini kabla ya chai ya saa nne.

Urahisi huo ndio ulioniponza. Nilipokuwa bado naosha spea kwa dizeli, mteja alileta Beetle inayopata joto sana. Nikayaona yale mabati yanayozizunguka silinda, nikajisemea: haya si ndiyo yanayoziba hewa? Nikayafungua yote, nikayaweka juu ya tairi, nikajiona nimemaliza kazi. Gari halikufika mbali, lilirudi limevutwa kwa kamba. Fundi mkubwa hakunigombeza. Aliokota bati moja akanionyesha mapezi ya silinda, yale mabapa membamba yanayotoa joto, kisha feni. Feni inasukuma upepo, mabati yanaubana upite katikati ya mapezi. Ukiyatoa, upepo unatawanyika tu. Hata ile raba inayoziba pembezoni mwa chumba cha injini ina kazi: ikikatika, feni inavuta hewa ya moto kutoka chini na kuirudisha kule kule.

Tangu siku hiyo, kila spea ya injini hii naiuliza habari za joto.

Ukiitazama hivyo, hata historia yake inasomeka. Msanifu wake alikuwa Franz Xaver Reimspiess, katika ofisi ya Ferdinand Porsche, miaka ya 1930. Ilianza na ujazo wa cc 985, ikawa 1131 yenye nguvu za farasi 25. Mwaka 1954 ikawa 1192 yenye farasi 30, na mwaka 1960 wakafikisha 34. Zikafuata 1300, 1500, na mwisho 1600 yenye farasi 50. Umbo ni lile lile, na baridi yake ni upepo ule ule wa feni, ila joto la kuondoa limeongezeka sana. Injini ndogo za mwanzo ndizo zilizojenga jina. Huku kwetu Volkswagen ilishinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, na kwenye njia zile gari lisilo na maji ya kuchemka lilikuwa na faida yake.

Sasa njoo kwenye silinda namba 3, ile ya kushoto upande wa mbele wa gari. Kwa miaka mingi oil kula, yaani kipoza oili, ilisimama ndani ya kava la feni, juu kabisa ya njia ya upepo unaoshuka kwenye silinda hiyo. Kwa hiyo namba 3 ilipata upepo uliokwishapashwa moto na oili. Kiwanda kilijua: kuna distributa, kile kigawa umeme wa plagi, walizozichonga ili namba 3 ichelewe kuwaka kidogo. Kwenye magari ya 1971 ndipo walipoihamisha oil kula nyuma, ikapewa njia yake ya upepo. Ukifungua injini ya zamani ukakuta vali ya ekzosti imekatika kichwa, mara nyingi utakuwa umeinama upande huo.

Vali hiyo haikatiki ghafla. Hurefuka kidogo kidogo, na nafasi ya tapeti, ule uwazi mdogo kati ya vali na mkono unaoisukuma, inazidi kupungua. Hapa wanafunzi wengi hukosea: wanasikia tapeti zinalia wanaogopa, wakikuta kimya wanafurahi. Mimi kimya ndicho kinachonitisha. Ukiiseti namba 3 leo na baada ya wiki chache ukakuta nafasi imekwisha tena, usiirekebishe mara ya tatu, fungua hedi, kile kichwa cha silinda kinachobeba vali.

Kuseti tapeti ni injini ikiwa baridi kabisa, yaani gari limelala usiku kucha. Kwa 1600 za baadaye ni milimita 0.15, za zamani zina vipimo vyake, soma kwanza. Weka pistoni ya namba 1 juu, rota (kile kinachozunguka ndani ya distributa) ikitazama alama kwenye mdomo wa distributa. Ukimaliza vali zake mbili, zungusha puli nusu mzunguko kinyume cha saa, upate namba 2, kisha 3, kisha 4. Ukizungusha upande wa kawaida mpangilio ni 1-4-3-2, na hapo ndipo watu hupotea.

Oili ni lita 2.5 tu na filta hakuna, ni chujio la waya. Oili hiyo hiyo inapoza injini, kwa hiyo kilomita 5,000 zikifika, imwage.

Halafu mkanda. Mkanda mmoja unazungusha dinamo na feni pamoja, kwa hiyo taa nyekundu ya chaji ikiwaka njiani si habari ya betri pekee. Simama hapo hapo. Puli ya dinamo ina vipande viwili na washa (ringi za bati) nyembamba katikati: ukitaka mkanda ukaze, punguza washa. Zile ulizotoa usizitie mfukoni, zifunge upande wa nje, chini ya nati ile ile. Atakayefungua baada yako atazihitaji siku ya kufunga mkanda mpya.