Tajiri anataka vyote kabla ya giza: nipunguze nini?

SWALI: Habari za kazi, kaka. Natengeneza programu ya simu kwa mnunuzi wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza. Inaandika mzigo, advansi za wenye mitumbwi, na kulipa kwa simu. Tulipatana wiki nane. Sasa anaitaka kwa wiki nne, kabla giza la mwezi ujao (siku zisizo na mbalamwezi, ndipo dagaa huvuliwa) halijaanza, na ameongeza ripoti za michoro na ujumbe wa bei kwa wavuvi. Hela ni ileile. Nikiruka majaribio nawahi. Unanishaurije? (Msomaji, Nyegezi)

JIBU: Salama, mdogo wangu. Majaribio usiyaruke yote, wala usijaribu kila kitu. Ukisema tu "ubora" utabishana na mteja mpaka kesho, maana hapo umefunga vitu vingi kwenye gunia moja. Kitufe kikikaa vibaya, karani atanung'unika kisha atazoea. Hela ikipotea hakuna anayezoea.

Chukua alfajiri moja mwaloni. Mitumbwi imerudi, karani yuko kwenye mzani, simu ameishika kwa mikono yenye maji. Anabonyeza "Lipa", mtandao unakatika, anabonyeza tena. Mwenye mtumbwi kalipwa mara mbili, na keshaondoka. Dawa yake ni ndogo: kila malipo yapewe namba yake ndani ya simu kabla hayajatumwa, na seva (kompyuta inayopokea maombi ya simu) ikiiona namba ileile mara ya pili, irudishe jibu la kwanza bila kulipa upya. Hilo lijaribu kwa kuzima data katikati ya malipo, tena na tena, mpaka uchoke. Kilo nazo zihifadhi kwa gramu, namba kamili. Kompyuta ukiiambia ijumlishe 0.1 na 0.2 kwa namba za desimali za kawaida inakupa 0.30000000000000004, na kwa mzigo wa msimu mzima hesabu inaweza isikae sawa na daftari.

Mimi kosa la malipo mara mbili nililifanya kwa mteja mmoja wa mpunga. Siku tatu nilikaa sakafuni nikipanga miamala kwa kalamu, bila malipo. Kazi niliyoiruka ilikuwa ya nusu siku.

Sasa muda. Usikimbilie kumwita rafiki aje kusaidia wiki ya mwisho. Fred Brooks, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, aliandika tangu 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi. Muda hauvutiki na hela haivutiki, kwa hiyo kinachopungua ni kazi yenyewe. Mfuate mteja mbalamwezi ikiwa kali, wavuvi wakiwa wamepumzika, ana nafasi ya kukaa. Muulize: "Usiku wa kwanza wa giza, ukikosa nini hununui?" Atataja mzigo, advansi na malipo. Michoro hataitaja, nani anatazama michoro saa kumi na moja alfajiri? Ujumbe wa bei atume mwenyewe kwenye kundi la WhatsApp kwa miezi miwili.

Vipo vitu utavifanya kwa haraka, na sioni aibu. Ward Cunningham, mwandishi wa programu wa Marekani, mwaka 1992 aliufananisha msimbo (maandishi ya programu) wa namna hiyo na mkopo, na wewe unaandika programu ya advansi, hilo huhitaji kufundishwa: aliyechukua akasahau ndiye anayeumia. Andika kwenye faili moja kila ulichokiacha, kwa nini, na lini utakirudia. Mpe mteja nakala, asaini. Atakapokuja na "kitu kidogo tu" wiki ya tatu (atakuja), mfungulie faili achague kinachotoka ili hicho kiingie.

Giza likianza, karani aendelee na daftari lake sambamba na simu. Kila asubuhi kaeni naye mlinganishe mstari kwa mstari, na daftari lisiwekwe kabatini mpaka giza zima lipite bila tofauti hata moja.