Kukaa Kando na Biashara: Majibu kwa Wasomaji

Swali: Nina duka la vifaa vya ujenzi Igoma, Mwanza, na sijawahi kulifunga. Nikiondoka wiki nzima, wateja si watahamia kwa jirani?

Jibu: Baadhi watahamia, nawe utawajua. Mwachie funguo kijana unayemwamini, umwagize aandike katika daftari kila jambo lililolazimika kukusubiri: bei aliyoogopa kuipunguza, fundi aliyeomba mali kauli, saruji iliyoshushwa pasipo mtu wa kuilipia. Yatakayoandikwa humo ndiyo kazi yako hasa. Mengine yote yaliyokwenda bila wewe ulikuwa ukiyafanya kwa mazoea tu.

Swali: Nanunua dagaa mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, na kuwasafirisha mikoani. Nitapata wapi nafasi ya kupumzika?

Jibu: Nafasi unayo tayari. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali mwanga wa taa hauwavuti vizuri, hivyo wavuvi wengi hupumzisha mitumbwi hadi giza lirudi. Nasikitika kuona wafanyabiashara wengi wakizimaliza siku hizo kwa kufukuzana na wadeni, ilhali ndizo siku za kutazama biashara kwa utulivu. Nenda kwa ndugu zako Sengerema, safari ambayo tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 haina tena foleni ya kivuko, ukakae mbali na mizani na wapakiaji. Ukiwa huko, chukua mteja mmoja mmoja, wa Kahama, wa Dodoma na wengineo, ukokotoe kinachobaki mkononi baada ya nauli ya mzigo, ushuru na siku za kungojea malipo. Mwaloni, anayepiga simu mara nyingi ndiye anayehudumiwa kwanza. Hesabu hiyo inaweza kukuonyesha kwamba mzigo wa kwanza ulistahili kwenda kwa mwingine kabisa.

Swali: Niende na simu?

Jibu: Nenda nayo, ila mkubaliane muda mmoja wa kuzungumza, jioni baada ya mauzo kufungwa.

Swali: Nilipumzika siku chache, nikarudi nikitaka kuifunga saluni nibaki na duka la vitenge. Je, huu si uchovu tu?

Jibu: Huenda ni uchovu, kwa hiyo usiifunge wiki hii. Andika sababu zako leo, fanya kazi mwezi mzima, kisha uzisome tena. Zikiwa bado na uzito uleule, waarifu mapema wasusi wako ili watafute pengine, na umalizane na mwenye nyumba kabla hujalipa kodi ya miezi sita ijayo.