Mswaki Unaokimbia na Maswali Mengine ya Roboti

Mwanangu wa miaka tisa anataka kuunda roboti. Vifaa vya dukani vina bei kali. Tuanzie wapi? (Mama, Nakuru)

Anzieni bafuni, mama. Chukueni mswaki uliochakaa, ule ambao nywele zake zimelala upande mmoja, mkikate kichwa chake. Kwa fundi simu ombeni mota ndogo inayoitetemesha simu. Simu mbovu anazo tele. Ibandikeni juu ya kichwa hicho pamoja na betri ya saa, unganisheni waya mbili, kitu kitakimbia mezani kama mende aliyewashiwa taa. Betri hiyo ishike wewe: mtoto akiimeza ni hatari kubwa.

Shikamoo fundi. Roboti yangu ya Arduino (ile bodi ndogo ya kompyuta) inasogea kidogo, inazima, inawaka, inazima tena. Programu nimeikagua mara kumi. (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Tanga)

Marahaba. Iache programu, haina kosa. Mota inapoanza kuzunguka hunywa umeme mwingi kuliko ikiwa mwendoni. Volti zinaporomoka, bodi inazimika. Mota ikisimama volti zinapanda, bodi inaamka na kuamuru mota zizunguke, yanarudi yale yale. Nahisi unatumia betri ya mraba ya volti 9. Hiyo ni ya redio ndogo, magurudumu haiyawezi. Mota zipe betri zake, bodi yake, ila waya hasi za betri zote mbili ziungane, la sivyo amri ya bodi haifiki.

Na usiniambie mota umeichomeka moja kwa moja kwenye pini ya bodi! Pini ya Arduino Uno idai umeme wa miliampia 20 tu, na mota ya magurudumu huvuta mamia. Katikati weka bodi ya kuendeshea mota. L298N ndiyo imejaa madukani, ingawa mimi siipendi: inameza karibu volti 2 njiani, hivyo betri za volti 6 zinaifikishia mota volti 4 tu.

Kitu kisicho na kompyuta mnakiitaje roboti? (Mbishi, Mombasa)

Mwaka 1948 na 1949, huko Bristol, Uingereza, mtafiti wa ubongo William Grey Walter aliunda kobe wawili wa magurudumu matatu, Elmer na Elsie. Akili yao ilikuwa valvu mbili za redio (zile chupa za zamani za kukuza umeme), jicho moja la kuona mwanga na swichi iliyoshtuka gamba likigonga kitu. Hakuna zaidi. Walifuata mwanga, wakigonga kiti walihangaika mpaka wakakizunguka, na betri ikichoka waliirudia taa ya kibandani kwao wakajichaji. Mmoja alipowekwa mbele ya kioo, taa yake mwenyewe ikamchanganya, akawa anachezacheza pale kama anayejishangaa. Kabishane na huyo.

Roboti za klabu yetu ni vituko, tunaona haya kuzipeleka mashindanoni. (Mwalimu, Kigoma)

Japani, tangu 2014, kuna mashindano yanaitwa Hebocon, ya roboti za watu wasiojua kuunda roboti. Anayeleta teknolojia ya hali ya juu anaadhibiwa. Roboti inaanguka yenyewe kabla ya kumfikia mpinzani, na ukumbi mzima unacheka. Fanyeni hivyo shuleni kwanza. Wanafunzi wakikomaa, nendeni kwenye sumo ndogo, mieleka ya roboti: roboti isiyozidi gramu 500, upana na urefu sentimita 10, ulingo wa duara wenye kipenyo cha sentimita 77, anayesukumwa nje kashindwa. Aliyenunua roboti iliyokamilika ndiye aone haya.

Nina laptop iliyokufa. Betri yake nitumie? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kwa roboti ya kwanza, hapana. Seli za lithiamu zikipigana shoti zinaweza kuwaka moto, na hizo huenda zimeshachoka. Ng'oa feni. Ifunge juu ya kigari chepesi cha vifuniko vya chupa, uipe betri nne ndogo za tochi, huenda kikasukumwa na upepo wake chenyewe.