Maswali na Majibu: Mwananchi Anaaminije Mkutano wa Kijiji?

Swali (Newala): Kijijini kwetu watu wameacha kuhudhuria mkutano mkuu kwa kuwa hawaamini kwamba wanasikilizwa. Kosa ni la watu au la mkutano?

Jibu: Kwa maoni yangu, tuanze na mkutano. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inamfanya kila mkazi aliyetimiza miaka 18 kuwa mjumbe wa mkutano huo, wenye uwezo wa kuichagua halmashauri ya kijiji na hata kuwaondoa wajumbe wake. Lakini mkulima anayeacha palizi, akafika, akauliza mapato na matumizi, kisha akaambiwa kwamba taarifa itasomwa siku nyingine, hujifunza kubaki shambani. Huku kwetu Kusini jambo hili tunaliona wazi katika vyama vya msingi vya ushirika, ambako wakulima huuzia mazao yao: korosho zikipimwa mbele ya mwenyewe, akapewa stakabadhi yake na bei ya mnada ikatangazwa hadharani, mkulima hukiamini chama hata msimu ambao bei imeshuka; lakini mizani ikitiliwa shaka, bei nzuri haimtulizi. Hata hivyo nawasihi msisusie, kwa sababu mahudhurio madogo huwapa wachache nafasi ya kuamua mambo ya ardhi yenu.

Swali (Mikindani): Je, taasisi zifuate tu kile ambacho wengi wanaamini?

Jibu: Si kila mara. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991 kukusanya maoni kama Tanzania ibaki na chama kimoja cha siasa au iwe na vyama vingi, ilikuta takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni wakitaka mfumo wa chama kimoja uendelee, lakini ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 mfumo huo ukaanza. Wengi wa waliotaka chama kimoja walitaka pia kirekebishwe, na sauti ya waliobaki haikuwa ndogo ya kupuuzwa. Naamini Tume ilikuwa sahihi, ingawa ilimaanisha kwamba taasisi ilitangulia na imani ya watu ikaachwa ikue kwa kuitumia.

Swali (Nachingwea): Kumtilia shaka kiongozi ni kukosa uzalendo?

Jibu: Hapana. Ibara ya 8 ya Katiba inasema Serikali itawajibika kwa wananchi, na huwezi kumwajibisha mtu usiyeruhusiwa kumuuliza. Mzazi anayedai risiti ya mchango wa darasa anaitekeleza ibara hiyo.