Barua kwa mwanangu aliyeko fildi kwenye ofisi ya kodi

Marahaba mama. Hili swali lako nimeona nikuandikie kabisa maana nikikupigia utanikatiza katikati, soma mpaka mwisho ndo uulize tena. Umesema tangu uingie fildi kwa hao washauri wa kodi kazi yako ni kulinganisha vyeti vya kodi ya zuio na leja kwenye Excel, asubuhi mpaka jioni, afu wiki hii wamekuweka kwenye faili la kampuni ya nje ambayo kila mwaka ina hasara na haijawahi kulipa kodi ya mapato. Ukauliza, hivi mama huku si ndo tunawasaidia matajiri wasilipe, na wakinipa ofa ya kurudi nikimaliza chuo nikubali?

Nianze na vyeti, maana naona umeviandika kwa dharau kweli. Mimi nimekaa upande wa pili wa meza miaka mingi, uhasibu kwenye kampuni ya usafirishaji Mwanza, sisi ndo tulikuwa tunawalipa watu kama hao mabosi wako, na nakwambia mtu wa kodi asiyejua vyeti hajui kitu. Kampuni ikimhudumia mwenzake hapa nchini, anayelipa anakata 5% (hiyo ndo kodi ya zuio) anaipeleka TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, na aliyelipwa anapewa cheti. Sasa chukua kampuni iliyotoa huduma za milioni 800 kwa mwaka, maana yake milioni 40 zimeshatangulia TRA kwa jina lake. Ikipigwa hesabu ya mwaka kodi ikatoka milioni 60, ukiacha zile awamu za kodi zinazolipwa kila robo mwaka ili tusichanganye mambo, vyeti vyote vikiwepo wanamalizia 20. Vikiwa vimepotea au TIN, namba ya mlipakodi, imeandikwa vibaya wanadaiwa 60 nzima na ile 40 wanabaki kuilalamikia tu. Huyo anayevitafuta kimoja kimoja, akipiga simu kwa wahasibu wanaojibu kwa kuchelewa, ndo wewe. Usidhani wamekupa kazi ya kukupotezea muda (ingawa na hilo lipo, ofisi zote zina tabia ya kumtupia mwanafunzi yale ambayo hakuna anayeyataka, na posho hawatoi).

Na kuna kitu kingine kwenye vyeti humo humo ambacho pengine hawajakwambia. Vyeti vinasema nani kamlipa nani na kiasi gani. Kampuni ikiandika kwenye ritani, ile taarifa ya kodi inayopeleka TRA, mauzo milioni 500 huku vyeti vinaonyesha imelipwa 800, TRA hawahitaji mpelelezi, wanakaa tu ofisini wanalinganisha, na vilevile wanachukua mauzo ya kwenye ritani za VAT za kila mwezi wanaweka pembeni ya ritani ya mwaka wanauliza hii tofauti ya nini. Kwa hiyo ukikuta namba hazikutani usizilazimishe zikutane ili ushushe kazi, andika pembeni, mpelekee meneja. Angalia na upande wa pili, pale mteja wenu yeye ndo alitakiwa akate. Pango la ofisi ni 10%, mshauri wa nje asiye mkazi ni 15%, na mwenye nyumba siku zote anataka hela yake kamili bila kukatwa, basi wahasibu wanamwonea aibu wanamlipa yote, siku ya ukaguzi TRA wanamdai mlipaji pamoja na riba juu.

Sasa hiyo kampuni ya hasara. Kwanza uelewe faida ya kwenye vitabu sio faida inayotozwa kodi, na nadhani darasani mmepita haraka sana hapa. Vitabu vinasema faida milioni 400, humo ndani kuna uchakavu wa milioni 120 ambao mhasibu aliukadiria mwenyewe, unaurudisha wote, yaani unaujumlisha juu ya faida, na faini za milioni 15 unazirudisha pia, inakuwa 535, afu unatoa punguzo la mitambo, yaani uchakavu unaokubalika kwa kodi, kwa viwango vya sheria, kompyuta na magari madogo 37.5%, malori makubwa 25%, fanicha 12.5%, tuseme jumla imetoka 95. Inabaki 440, asilimia 30 yake ni 132, hiyo ndo kodi. Kwa mfano huu kodi imepanda kuliko ungepiga 30% ya vitabu, lakini kampuni iliyonunua mitambo ya mabilioni mwaka wa kwanza inakuwa kinyume, punguzo linameza faida yote na hasara inasogezwa mbele, na hapo hakuna aliyeiba, sheria yenyewe ya kodi ya mapato ya 2004 ndo imesema hivyo ili watu wawekeze.

Ila hasara isiyoisha ndo ya kuitilia shaka, na sheria nayo inaitilia shaka, ndo maana ukionyesha hasara miaka mitatu mfululizo unatozwa kodi juu ya mauzo hata kama unasema hujapata faida. Kwenye hilo faili angalia hasara inatengenezwa na nini. Kama ni mitambo, sawa. Kama ni riba ya mkopo kutoka kwa kampuni mama huko nje, uliza mtaji ni kiasi gani, maana kwa kampuni inayomilikiwa na watu wa nje riba inayokubalika kama gharama ni ya deni lisilozidi shilingi 7 kwa kila shilingi 3 za mtaji. Kama ni ada ya usimamizi inayolipwa kwa kampuni ndugu zao kila mwaka, omba mkataba, omba ushahidi kwamba kuna mtu kweli alifanya hiyo kazi, tofauti na invoisi ya mstari mmoja.

Unaikumbuka ile kesi ya African Barrick Gold, kampuni ya migodi ya dhahabu ambayo baadaye ikaitwa Acacia? Kati ya 2010 na 2013 walilipa gawio la dola zaidi ya milioni 400 kwa wanahisa huku migodi ya huku ikiripoti hasara, TRA wakauliza gawio linatoka wapi kama hakuna faida, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ikawapa TRA ushindi. Swali dogo tu lile, mwanafunzi wa fildi angeweza kuliuliza. Lakini usikimbilie kudhani serikali siku zote ndo iko sahihi, maana 2017 hao hao Acacia walipelekewa deni la dola bilioni 190, hela inayozidi uchumi mzima wa nchi kwa mwaka, mwisho wa siku Barrick, kampuni mama yao, wakakubaliana na serikali kwa dola milioni 300, serikali ikapata 16% ya migodi, na ikaundwa kampuni ya ubia ya Twiga. Mimi mwenyewe nimeona makadirio ya TRA yaliyopigwa bila kufungua boksi la risiti. Hapo mshauri wa kodi anafanya kazi halali kabisa, kwa sababu una siku 30 tu za kuweka pingamizi na unatakiwa utangulize theluthi ya deni au kile usichobishania, kipi kikubwa, kampuni ndogo bila mtu anayejua inazama hivi hivi.

Kwa hiyo swali lako la kusaidia matajiri silijibu kwa ndiyo au hapana, nalijibu kwa karatasi. Wakikwambia tafuta kwenye sheria mteja anaruhusiwa nini, tafuta kwa nguvu zote. Wakikwambia badilisha tarehe ya invoisi, au chapa mkataba leo uonekane wa mwaka juzi, usiguse, usitume kwa imeili yako, usiseme ni bosi kaniagiza, maana Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inamkamata na anayesaidia. Nipigie siku hiyo hiyo hata kama ni usiku.

Kuhusu ofa, baba yako anasema ukubali kabla hawajamaliza sentensi, unamjua. Mimi nasema wakikupa usikatae ila uulize mambo mawili kwanza, kama wanalipia mitihani ya CPA, ile ya uhasibu wa kitaaluma, kule NBAA, bodi ya wahasibu, na wanakupa ruhusa ya kusoma, na kama utakuwa chini ya mtu anayeandika mapingamizi au utabaki na Excel miaka miwili. Na usisubiri ofa, mwombe meneja sasa hivi akupe faili moja la pingamizi usome tu, kabla ya Septemba 30, maana tarehe hiyo ni awamu ya tatu ya kodi kwa kampuni zinazofunga mwaka Desemba, wiki ile hakuna atakayekuangalia usoni. Logibuku yako ijaze kila siku, usije ukaijaza yote wiki ya mwisho supavaiza akija.

Mama yako