Taja kazi, usitaje namba

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara moja kwa haraka na mara ya pili kwa miwani. Umeniuliza mambo mawili: ubebe nini siku ya kwanza kwenye kliniki ya maumivu sugu, na wakikwambia uchomwe sindano ya mgongo, ukubali au ukatae.

La kubeba ni jepesi, nalimaliza sasa hivi. Beba barua ya rufaa, picha na majibu ya vipimo ulivyonavyo, na dawa zote unazotumia zikiwa kwenye makopo yake, pamoja na za mitishamba na zile unazojinunulia bila kuandikiwa. Hizo ndizo watu huzificha, na ndizo huweza kugombana na dawa utakazopewa. Ibuprofen ukiimeza miezi na miezi inaweza kuumiza tumbo na figo, na wao watajuaje kama hukusema? Andika pia dawa ulizowahi kujaribu ukaziacha, na sababu. Vaa nguo zinazovulika kirahisi, maana watakuinamisha, watakutembeza, watakugonga magoti. Nenda na mtu. Basi.

Ninalotaka kukuambia hasa ni namna ya kusema ukishakaa kwenye kile kiti. Hukuniuliza, najua.

Unaukumbuka ule mkanda wa jeshi ulionishika ubavuni. Malengelenge yalikauka, makovu yakafifia, kila aliyeniona akasema alhamdulillahi, umepona. Lakini maumivu hayakuondoka, kwa kuwa ugonjwa ule huumiza neva, na neva iliyoumia inaweza kuendelea kupiga kelele hata ngozi ikishafunga. Nguo ikinigusa tu, naungua. Ndiyo maana kwenye mahafali yako nilikupa mkono badala ya kukukumbatia, na shangazi yako akapata la kusema mwaka mzima. Kabla sijafika kliniki ya maumivu nilipita kwa daktari mmoja, simtaji. Aliutazama ubavu akiwa amekaa vilevile mezani, akasema, "Mama, ngozi imepona. Punguza mawazo." Alikuwa ameanza kuandika kabla sijamaliza sentensi. Baba yako husema nimsamehe. Nitamsamehe nikitaka.

Kliniki nilikutana na daktari mwanamke, mdogo kuliko wewe nadhani. Alichukua kipande cha pamba, akakipitisha ubavu wangu wa kulia, akaniuliza nasikia nini. Nikasema pamba. Akakipitisha wa kushoto. Rehema, niliruka nusura niangushe trei yake! Akatikisa kichwa, akachora kwenye faili umbo la mtu na kulitia wino pale penye shida, akasema kuna jina lake kitaalamu, mguso usiostahili kuuma unapouma. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Ni kitu gani umeacha kufanya?" Nikamwambia silalii ubavu wa kushoto, simbebi mtoto wa kaka yako, sivai sidiria. Akaandika vyote vitatu, mpaka sidiria. Tangu siku hiyo, kila nikirudi, tulikuwa tunaulizana habari za vile vitatu.

Basi mnaponicheka hapo nyumbani kwamba Mama ana wimbo wake, nacheka na nyinyi, lakini wimbo siuachi: taja kazi, usitaje namba. Watakuuliza maumivu yako ni ngapi kati ya 0 na 10. Ukisema 9, wamejua nini? Sema unaweza kukaa dakika ngapi kabla hujasimama, ngazi unapandaje, usiku unaamka mara ngapi. Sema pia maumivu yana tabia gani: yanachoma, yanapwita, yanapita mguuni kama shoti, yanaacha ganzi. Maumivu ya neva yana dawa zake na ya misuli yana njia yake, kwa hiyo hayo maneno ndiyo yanayomwelekeza daktari.

Ingawa, nikiwaza vizuri, namba nayo ina kazi. Haikulinganishi na mtu mwingine, inakulinganisha wewe na wewe wa mwezi uliopita. Haya, namba itaje. Ila itaje mwisho.

Kuhusu hiyo picha yako ya MRI unayoibeba kama hati ya nyumba: usishangae wakiitazama kidogo tu. Utafiti mmoja wa mwaka 2015 ulikusanya picha za migongo ya watu wasio na maumivu yoyote, ukakuta diski, yaani zile pedi zilizo kati ya mifupa ya mgongo, zimechakaa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Watu hao walikuwa wanajiendea zao. Picha kuwa na kasoro si lazima ndiyo iwe chanzo, na picha kuwa safi haina maana unajisingizia. Maumivu yakishapita miezi 3 huhesabiwa kuwa sugu, na mara nyingi hapo mfumo wa neva wenyewe umekuwa mwepesi mno wa kushtuka.

Ndiyo maana utapitishwa kwa watu wengi: daktari, muuguzi, mtaalamu wa fiziotherapia, na mwanasaikolojia. Wazo la kuwaweka pamoja lilipiganiwa sana na John Bonica, daktari wa ganzi huko Marekani, aliyewahi kuwa mwanamieleka na kuishi na maumivu yake mwenyewe. Nampenda mzee yule kwa mieleka tu. Kwa mwanasaikolojia mimi nilikasirika, nikasema haya, tumerudi kwenye "punguza mawazo". Lakini si kitu kimoja. Yule wa kwanza alisema mawazo ili nitoke chumbani. Huyu aliniuliza nalala vipi na naogopa nini, kwa sababu kukosa usingizi na hofu huongeza sauti ya maumivu yaliyopo kweli. Au labda ni kitu kimoja kilichosemwa kwa adabu? Hapana, si kimoja. Mmoja alinifukuza, mwingine alinipa mazoezi ya kufanya.

Usishtuke pia ukisoma karatasi ya dawa ukakuta ni ya sonona au ya kifafa. Amitriptyline na gabapentin hutumika kutuliza neva. Ya kwanza hukausha mdomo na kuleta usingizi, ndiyo maana hunywewa usiku, na huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake. Usiziache ghafla kwa kuwa umechoka kusubiri. Jamii ya mofini wataitoa kwa mkono mzito, na wana haki: kwa maumivu ya muda mrefu mara nyingi nguvu yake hupungua, mwili huizoea, na ikichanganywa na pombe au dawa za usingizi inaweza kuzima pumzi.

Hawatakuahidi sifuri. Hilo litakuuma kuliko mgongo. Watakuahidi kazi, na kazi zenyewe hupanda polepole, kidogo leo na kidogo kesho, hata siku mgongo ukiwa umetulia. Wewe najua siku njema utataka kufua mapazia yote, kisha ulale siku tatu. Umeirithi kwangu na hakuna dawa yake.

Jambo moja halisubiri miadi: ukipoteza uwezo wa kuzuia mkojo au choo, ukipata ganzi sehemu za siri, au mguu ukilegea ghafla, nenda hospitali saa hiyohiyo, iwe usiku wa manane.

Sasa sindano. Waulize inalenga nini, nafuu ikija hudumu muda gani, na nafuu hiyo utaifanyia nini. Kwa maumivu yanayoshuka mguuni wengine hupata nafuu ya wiki au miezi, wengine hawaoni kitu; haiponyi diski. Waambie kama una kisukari, maana dawa iliyomo kwenye sindano hiyo inaweza kupandisha sukari, au kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Hapa nilikuwa nimeandika mistari miwili zaidi, nimeifuta. Mgongo ni wako. Nina jibu langu, na baba yako analijua, kwa hiyo usimpigie simu kumchokonoa, nimeshamwonya.

Mama yako