Jiwe lipi linakula biti?

SWALI: Shikamoo fundi. Tulikuwa tukichimba kwenye basalti (jiwe la volkano) kwa nyundo ya hewa inayoshuka shimoni. Kasi ilikuwa ndogo, lakini biti, kile kichwa cha chuma kinachovunja jiwe, ilidumu. Sasa tuko kwenye kwatzaiti na biti za aina ileile zinaisha upesi. Msimamizi anasema jiwe hili ni gumu zaidi, tuongeze uzito juu ya biti na kasi ya mzunguko wake. Ni sawa?
Msaidizi wa mashine

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mzunguko msiuongeze hata kidogo. Basalti nzima na kwatzaiti nzima zote zinaweza kustahimili mgandamizo wa megapaskali (kipimo cha nguvu ya kubana) 200 na zaidi, kwa hiyo huenda hamkuhamia kwenye jiwe lenye nguvu kuliko la kwanza. Mmehamia kwenye jiwe linalosaga.

Kwatzaiti karibu yote ni madini ya kwatzi, yenye ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, kipimo cha ugumu wa madini kinachoishia 10. Batani, yaani vinundu vya kuvunjia jiwe usoni mwa biti, ni za karbaidi ya tangsteni. Karbaidi hiyo ni ngumu kuliko kwatzi, ila chembe zake zimeshikwa pamoja na metali ya kobalti, na kobalti ni laini kuliko kwatzi. Ikilika, chembe zinang'oka. Basalti kwa kawaida haina kwatzi, au inayo kidogo sana.

Kagua batani za mzingo wa nje kwanza, maana ndizo zinazosafiri njia ndefu kila biti inapozunguka. Ukiona uso bapa umefika theluthi moja ya kipenyo cha batani, toa biti ikanolewe. Punguza mzunguko, na hakikisha hewa inatosha. Jiwe likitoka unga mtupu badala ya vipande, mara nyingi mnasaga upya mlichokwisha vunja.

Hata kule kwenye basalti msijiamini. Batani hubaki na umbo zuri, zinang'aa, kumbe juu zina nyufa ndogo kama magamba ya nyoka. Zinoeni hata kama hazijalika, la sivyo zitakatika ghafla mkiwa chini shimoni.

Pia pimeni kipenyo cha kila biti, muanze na kubwa. Biti mpya ikishushwa kwenye shimo lililochimbwa na iliyolika, itakwama.

Jambo ninaloliogopa kuliko hasara ya biti ni vumbi. Vumbi la kwatzi huharibu mapafu, na uharibifu huo hautibiki. Tieni maji kwenye hewa ya kusafishia shimo, vaeni barakoa za kuchuja vumbi laini, na wewe msaidizi usisimame upande vumbi linakopeperukia.